Wanajua kusoma ila hawapendi kusoma, kuandika ndo kabisa. Nifanyeje na hili darasa la tatu?

MwlBondeni

Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku bonde la Kilombero, nafundisha Kiswahili darasa la tatu, nina watoto 87 kwenye chumba kimoja. Niseme mapema, sio kwamba hawajui kusoma, wengi wanajua kabisa, ukimwandikia ubaoni "kitambulisho" atakusomea ki-ta-mbu-li-sho bila kukosea hata silabi moja, shida ni kwamba akimaliza ukimuuliza umesoma nini anakuangalia tu. Kiswahili chetu kinasomeka kilivyoandikwa, kwahiyo mtoto akishaishika ba be bi bo bu anaweza kutamka ukurasa mzima na kichwani hakijabaki kitu. Na hapa kwetu kuna watoto wengi wa wafugaji, nyumbani ni Kisukuma asubuhi mpaka usiku, Kiswahili wamekikuta shuleni.

Sasa kinachoniumiza zaidi sio hicho, ni kwamba hawapendi. Kitabu cha kiada wanagawana wanne wanne, ukisema fungueni ukurasa wa 22 unaona kabisa mabega yanashuka. Hakuna anayeniomba kitabu akasome, hakuna anayeniuliza hadithi inaishaje.

Kuandika sasa. Juzi nikawapa insha fupi, kichwa "Ng'ombe". Nimesahihisha madaftari 87 na karibu yote yameandikwa kitu kimoja, ng'ombe ni mnyama, ng'ombe ana miguu minne, ng'ombe ana mkia mmoja, ng'ombe hutupatia maziwa na nyama. Yaani neno kwa neno. Na katikati ya hayo madaftari kuna la mtoto mmoja ambaye jioni anachunga ng'ombe wa baba yake, anawajua mmoja mmoja, yupi mkorofi, yupi hapendi kukamuliwa na mtu mwingine, yupi akifika mtoni anagoma. Nikimkuta njiani ananisimulia mpaka tunafika na mimi natamani njia iwe ndefu. Kwenye daftari kaandika ng'ombe ana miguu minne.

Nimekaa na hilo daftari wiki nzima. Najiuliza ni sisi tumemfundisha kwamba ya kwake hayaandikwi au nini. Mwalimu mkuu ananiambia niwape maswali tu kwasababu mwakani wanafanya upimaji wa darasa la nne, na namwelewa, ila naona tunawapeleka huko wakiwa wameshachukia.

Naombeni mnisaidie, vitu vinavyowezekana kwa watoto 87, chaki, na mfuko wangu mwenyewe ambao mnaujua.

BabaWawili_Mbeya

Mwalimu pole na hongera kwa moyo. Mimi sio mwalimu ila nikupe la kwangu. Kijana wangu wa kwanza alikuwa hashiki kitabu hata kwa fimbo, mama yake tukakata tamaa, ila anapenda mpira huyo mtoto sijawahi kuona. Nikaanza kila jumatatu narudi na gazeti la michezo naliacha mezani, simwambii kitu. Akaanza na msimamo wa ligi maana pale ni majina na namba tu, Simba ana pointi ngapi Yanga ana ngapi, halafu akawa anataka kujua goli lilifungwaje maana redioni alikosa, hapo ndo akaingia kwenye habari yenyewe. Baada ya miezi kadhaa akawa anaandika mechi za mtaani kwao kwenye daftari la zamani, na dakika za magoli ameweka, na kadi za njano ameweka.

Kwahiyo ushauri wangu usichague sana. Hata gazeti lililofungia maandazi ni maandishi, akilisoma mwenyewe kwa kutaka kwake hilo ni kubwa kuliko ukurasa wa 22.

MstaafuSongea

Mwanangu MwlBondeni, nimesoma hapo pa daftari la ng'ombe nikaacha simu nikatoka nje kidogo. Nimefundisha shule za msingi miaka 38, madarasa ya chini karibu miaka yote hiyo, na madaftari ya namna hiyo nimeyasahihisha mengi nikaweka vema nikapita.

Nikuambie kwanza kitu cha nyumbani kwetu. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, mimi nilikuwa darasa la nne, jioni watu wazima wakawa wanakaa chini ya mwembe na vibao vyao. Mama yangu alikuwa hataki kwenda, anasema macho yamechoka na jembe limemchosha. Kaka yangu mkubwa alikuwa amekwenda kukata mkonge Tanga na barua zake alikuwa anatusomea jirani, na huyo jirani akishasoma kijiji kizima kinajua kaka kaishiwa hela au anaumwa. Siku moja mama akasema basi, barua za mwanangu nitazisoma mwenyewe. Alijifunza ndani ya mwaka mmoja, mwanamke wa zaidi ya miaka arobaini, mimi ndo nilikuwa namshikia taa. Hakuna aliyemwambia apende kusoma. Kulikuwa na kitu upande wa pili wa yale maandishi na alikuwa anakitaka.

Watoto wako 87 upande wa pili wa maandishi yao kuna nini? Kuna kalamu yako nyekundu tu. Sikulaumu, nami nilikuwa hivyo hivyo.

Sasa fanya hivi. Kila siku, dakika kumi za mwisho kabla ya kutoka, wasomee wewe. Usiwaulize maswali, usiwaambie wafungue daftari. Anza na paukwa wakuitikie pakawa ili wajue sasa tumeingia kwingine, halafu soma kwa sauti zote, ya fisi iwe ya fisi, na ukifika pale pazuri funga kitabu uwaambie kesho. Watakulalamikia. Hiyo kelele ndo unayoitafuta. Kitabu kimoja kinatosha watoto 87 kama kipo mkononi mwako wewe, ndo uzuri wa kusomewa. Na huyo asiyejua Kiswahili vizuri atakishika humo humo maana sauti yako na uso wako vinamfafanulia.

La pili, wale watoto wana hadithi mdomoni, wewe kuwa kalamu yao. Mwite mmoja mbele asimulie, wewe andika ubaoni anavyosema yeye, usimpambie, akisema "akagoma kugoma" andika akagoma kugoma. Ubao ukijaa darasa zima linasoma. Wataelewa kila neno kwasababu wamelisikia likizaliwa. Huyo wa Kisukuma mruhusu asimulie Kikwao kwanza, mwenzie amsaidie kuleta Kiswahili, hakuna ubaya wowote. Halafu wenye mwandiko mzuri wainakili kwenye karatasi. Chukua karatasi nne za A4 kunja katikati unapata kurasa 16, toboa matundu matatu kwenye mkunjo, shona na uzi wa kushonea magunia, jalada kata kwenye boksi la sabuni, bandika kwa uji wa muhogo mzito. Hicho ni kitabu. Na mwandishi wake yupo dawati la tatu.

Sisi hayo ya kona ya vitabu darasani tulifundishwa kwenye semina ya Mradi wa Vitabu vya Watoto, ule ulioanza 1991, wengine wakasema ni mambo ya wafadhili yatapita. Mimi kona yangu ilikuwa kamba ya manila imefungwa ukutani kutoka msumari mpaka msumari, vitabu vimening'inizwa kama nguo, nikaendelea nayo mpaka nimestaafu.

Na mwisho nakuomba sana, kama hapo shuleni mtoto akipiga kelele anaandikishwa "sitarudia tena" mara mia, acheni. Huwezi kumfanya mtu apende kitu ambacho ndo adhabu yake.

Njeteka

Mimi naomba kutofautiana kidogo na mama mstaafu kwa heshima zote. Haya ya kupenda yanakuja mtu akishaweza. Mtoto anayesoma silabi silabi akifika mwisho wa sentensi kashasahau mwanzo, huyo hata umpe hadithi tamu kiasi gani anapanda mlima, atapendaje. Mwl ametuambia mwenyewe wanatamka bila kuelewa. Mimi ningeanza na mazoezi ya kusoma kwa kasi kila siku, kifungu kile kile kifupi, wakirudie mpaka kitiririke, wawili wawili wanasikilizana. Dakika kumi za hadithi kwa watoto 87 ni nzuri ila ni mwalimu ndo anasoma hapo, wao mdomo umefungwa. Na mwalimu mkuu nae msimwone mbaya, matokeo yakiwa mabaya anayeitwa wilayani ni yeye.

MstaafuSongea

Njeteka mwanangu umesema kweli na wala hatugombani. Kurudia kunahitajika sana. Ninachokuuliza mimi, arudie nini? Kifungu cha "Juma anapiga mpira" atakirudia mara mbili na ya tatu ni kwa fimbo. Hadithi ya mwenzie aliyetoroka na mtumbwi wa babu yake ataisoma mara kumi na atawasomea nyumbani. Kwahiyo chukua zoezi lako hilo hilo la wawili wawili, weka maneno yao ndani yake.

Garissa_kwetu

Salamu kutoka Kenya, nimeletwa hapa na rafiki. Mimi nimekulia Garissa na kitu cha kwanza kilichonifanya nione vitabu ni vya maana ni ngamia. Maktaba ya taifa ilianza kutuletea vitabu na ngamia mwaka 1996, ngamia mmoja amebeba masanduku ya vitabu mwingine amebeba hema, wanafika kwa vijiji ambako hata gari haifiki, hema inapigwa, mikeka inatandikwa, kila mtu anachagua chake. Hapo hakukuwa na mtihani. Unachukua kitabu, unaenda nacho hadi wakirudi tena. Nilikuwa nakiweka chini ya mto nikilala. Walimu wengi wanafungia vitabu kwa kabati ya ofisi ati visiraruke, na vitabu visiporaruka ujue hakuna aliyevisoma, kwahivyo mwalimu hivyo vyako vya kushona waache waende navyo nyumbani, hata vikirudi vimelowa.

Lakini nilitaka kuongea sana sana juu ya insha maana hapo nimeumia. Enzi zetu za KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi huku Kenya, insha ilikuwa alama 40 na tulifundishwa kukariri mapambo. Kila mtu alikuwa na daftari ya methali na maneno ya kupamba, jua kuchomoza, ndege kutumbuiza, moyo kudunda kama ngoma, na unayapachika kwa kila insha hata kama ni ya safari ya usiku. Nilipata alama za juu kabisa. Halafu nikaenda shule ya bweni na baba yangu akawa mgonjwa, nikakaa chini kumwandikia barua, nikashindwa. Kila sentensi iliyokuja ilikuwa ya lile daftari, haikuwa yangu, na baba angejua sio mimi. Nikamwandikia mistari mitatu tu. Hiyo barua bado inanisumbua hadi leo.

Kwahivyo mwalimu huyo mtoto wa ng'ombe tafadhali usimpatie maneno mazuri. Mpatie ruhusa.

PrintaMoro

Fupi tu. Kuna tovuti ya African Storybook, ina hadithi za picha nyingi za Kiswahili na lugha nyingine za Afrika, zina leseni huria yaani unapakua na kuprinti bila kuomba ruhusa wala kulipa. Zimepangwa kwa ngazi, zipo zenye neno moja moja kwa ukurasa mpaka ndefu. Ukiprinti nyeusi na nyeupe inapungua gharama. Ukipita Morogoro mjini nitafute humu humu inbox, ninayo steshenari, kopi za darasa lako nitakufanyia kwa bei ya karatasi.

MwlBondeni

Jamani sijui niwashukuruje, nimesoma yote mara mbili. Mama mstaafu shikamoo, hiyo ya adhabu ya mara mia ni kweli ipo hapa kwetu na mimi mwenyewe nimewahi kuitoa, kuanzia kesho kwangu haipo. Garissa pole sana kwa hiyo barua, imenigusa.

Swali langu moja, nikiacha kalamu nyekundu je makosa? Kuna watoto wanaandika "ninampeda mama agu", wengine l na r wanachanganya kila neno. Nikiacha hivyo si nitakuwa nimewadanganya?

BintiMjiMkongwe

Asalam alaykum dada yangu. Mie nnasomesha skuli huku Unguja, nna darasa dogo kuliko lako ila tatizo ni hilo hilo. Kuhusu makosa nitakwambia ninavyofanya, daftari mbili. Moja ya imla na sarufi, hiyo nnasahihisha kila kitu na wanajua. Nyengine ni ya maandishi yao, humo sitii kalamu nyekundu kabisa, nnaandika jibu chini tu kama anavyojibiwa mtu aliyekwandikia. Kaniambia paka wake kazaa, nnamuuliza wangapi, wa rangi gani. Na katika jibu langu nnaliandika lile neno alilolikosea kwa usahihi wake, basi, "ukimpenda mama yangu pia utanipenda mimi". Wengine wanaligundua wenyewe mara ya pili, wengine ya tano. Yule asiyeligundua nnalihamishia kwenye daftari ya imla.

Na hili la mama Songea la kuwa na mtu upande wa pili, mie nnaliamini sana. Yule Mwana Kupona binti Msham wa Pate aliyetunga utendi wake mwaka 1858, alikuwa mgonjwa na hakumtungia mwalimu wala mashindano, alimtungia binti yake, naye akijua kuwa atamwacha. Ndani anamwambia njoo na wino na karatasi ukae karibu yangu. Miaka mia na sitini na zaidi na bado unamsikia mama anasema na mwanawe. Nnawasomea wanafunzi wangu beti chache kila mwaka, hawaelewi kila neno maana Kiswahili chake ni cha zamani cha kule kaskazini, lakini wanakaa kimya kabisa, halafu nnawaambia na nyie leo andikeni kwa mtu mmoja, mchague nani. Hapo hakuna anayeniandikia kuwa ng'ombe ana miguu mine.

Weka na sanduku la barua darasani, boksi lolote lenye tundu. Waandikiane wao kwa wao, Ijumaa moja kati yao awe tarishi agawe. Sharti moja tu, kila aliyeandikiwa lazima ajibu.

MwlBondeni

Wakuu narudi na mrejesho, zimepita wiki nne. Samahani mtandao huku unakuja na kwenda.

Dakika kumi za hadithi nimeanza siku ile ile ya jumatatu. Wiki ya kwanza walikuwa wananisubiri niulize maswali, mtoto mmoja kabisa akaninyooshea mkono kabla sijamaliza, anataka kujibu kitu ambacho sijauliza. Wiki ya pili wakaelewa kwamba siulizi. Sasa hivi nikifunga kitabu wanapiga meza, mwalimu wa darasa la nne kaja kuniuliza kuna nini, na nimemkuta mara mbili kasimama dirishani anasikiliza.

Barua bado hazijatulia, kuna watoto wawili watatu ndo wanaandikiwa sana na wengine hawapati, nimeanza kuwaandikia mimi hao wasiopata ila ni wengi, hapo nahitaji ushauri zaidi wa Binti MjiMkongwe. Kusoma wawili wawili kwa utaratibu wa Njeteka kunaenda vizuri kuliko nilivyofikiri. Mwalimu mkuu nilimwonyesha, hajasema ndiyo wala hapana, ila kanipa rimu moja ya karatasi kutoka ofisini.

Sasa mtoto wa ng'ombe. Nilimwita mbele asimulie, akagoma kwanza, anaona aibu na Kiswahili chake, nikamwambia sema Kisukuma na mwenzako akusaidie. Akasimulia habari ya ng'ombe mweusi mwenye pembe moja aliyekataa kuvuka mto, wakamvuta, wakampiga, wakamwimbia, akagoma, wenzake wote wakavuka, na usiku ule maji yakajaa akabaki ng'ambo peke yake siku mbili. Ubao ulijaa pande zote mbili. Darasa zima kimya mama, watoto 87. Siku iliyofuata akaja na karatasi kaiandika mwenyewe yote, kurasa tatu, makosa yapo mengi na sijagusa. Tukashona, jalada boksi la sabuni, kachora pembe moja tu basi hakuna ng'ombe mzima. Ndo kitabu kinachoazimwa kuliko vyote kwenye kamba yangu.

Alhamisi akakipeleka nyumbani akamsomee baba yake, baba yake hajui kusoma. Ijumaa asubuhi kanisubiri mlangoni kabla ya namba, hana furaha. Baba kamwambia kasome tena, akasoma tena, kamwambia umekosea, haikuwa siku mbili zilikuwa tatu, na aliyemrudisha yule ng'ombe sio kaka yako ni mama yako, alivuka na mtumbwi wa watu na debe la chumvi, ng'ombe akaifuata chumvi. Kwahiyo mtoto anataka tufumue kitabu aongeze habari ya mama yake na chumvi, anasema ukurasa mmoja hautoshi anataka mbili, na kuna wenzake wanne kwenye foleni ya kukiazima wanalalamika kisiondoke kwenye kamba.

Mama mstaafu, naongezaje kurasa bila kufumua uzi wote? Karatasi zenyewe zimeshaanza kuchanika kwenye matundu.

MstaafuSongea

Usifumue. Chukua karatasi moja ya A4 ikunje katikati, mwache aandike kwanza humo mambo ya mama yake yote, ikikauka paka uji wa muhogo mstari mwembamba tu kwenye mkunjo, ipachike ndani pale hadithi inapofikia, funga kitabu uweke tofali juu mpaka kesho yake. Matundu yaliyochanika bandika kipande cha kitambaa cha pamba kwa ndani na kwa nje, kitashika.

Vitabu vinavyofuata shona na kurasa mbili tupu mwishoni kabisa. Na huyo baba, mtumie salamu zangu.